Kicheko cha Kwaya si Utovu wa Heshima

Wapo watu wanaodhani kwamba kwaya ya kanisa ni kundi la malaika waliokosa mabawa tu. Huwaona wanakwaya Jumapili wamevaa majoho yaliyopigwa pasi, wamesimama safu kwa safu, nyuso zimenyenyekea, vinywa vimefunguka kwa pamoja, wakaamini kwamba hata nyumbani watu hao husemezana kwa sauti nne. Mimi nimeimba sauti ya nne, yaani besi, kwa zaidi ya miaka 20 katika mji mmoja wa Bonde la Ufa, na namwomba msomaji aniwie radhi nikimwambia kwamba mambo sivyo yalivyo. Kwaya ni kijiji kamili. Ina wazee wake na vijana wake, ina wapatanishi na wachochezi, ina wanaofika saa kumi kamili na wanaofika wenzao wakisema sala ya kufunga.

Leo nakusudia kuuzungumzia upande wa kwaya unaochekesha, kwa kuwa wahubiri huizungumzia kwaya kwa sifa, wahazini huizungumzia kwa hesabu ya majoho, wala hapana anayeizungumzia kwa kicheko. Aidha, nina neno la kuwaambia walimu na wanafunzi, na neno hilo haliwezi kueleweka mpaka kwanza tumecheka.

Tuanze na hizo sauti zenyewe. Sauti ya kwanza, ambayo wengi huiita soprano, ndiyo inayoubeba wimbo unaojulikana na kila mtu, na kwa sababu hiyo waimbaji wake huamini kwamba wimbo ni mali yao na sisi wengine tumekaribishwa tu. Sauti ya pili ni ya watu wavumilivu. Mwimbaji wa alto huweza kupewa noti moja akaishikilia mistari miwili mizima huku wenzake wakipanda na kushuka kama watalii mlimani, na asinung'unike. Sauti ya tatu ni adimu kama maziwa ya kuku. Mwanamume yeyote anayeweza kuimba tenori sawasawa hubembelezwa kama bwana harusi. Akikosa mazoezi hutumiwa mjumbe, akinuna huombwa msamaha hata na ambao hawakumkosea. Ama sisi wa sauti ya nne, sifa yetu ni kwamba tunasikika hata tusipotakiwa kusikika. Kwaya nzima ikisahau maneno, besi itaendelea kunguruma "mmm" kwa imani kubwa, na waumini watadhani mambo yalipangwa hivyo.

Baada ya sauti huja suala la kuanzisha wimbo. Kanisa lenye kinanda hupata noti ya kuanzia kwenye kinanda. Lisilo na kinanda, au lenye kinanda ambacho umeme umekikatikia, hutegemea koo la mtu mmoja. Mtu huyo, aghalabu mama wa makamo mwenye imani thabiti, huuanzisha wimbo mahali popote Roho atakapomshushia. Akianzia juu mno, hapana wa kumrudisha. Ubeti wa kwanza hupita salama. Katika ubeti wa pili mishipa ya shingo huanza kuonekana. Ufikapo ubeti wa nne, wanaume wote wamekwisha kuhamia chini, watoto wanaziba masikio, na mama yule peke yake amebaki kileleni akipepea kama bendera. Aliyeanzisha wimbo ndiye aliyeujenga mlima. Waliobaki kazi yao ni kuupanda.

Noti tunazoimba tunazisoma kwa solfa, yaani do, re, mi. Elimu hii ina historia inayofaa kujulikana na kila mwanafunzi. Takriban miaka 1000 iliyopita, mtawa mmoja wa Italia, Guido wa Arezzo, alizitoa silabi za kutajia noti katika wimbo wa Kilatini wa kumsifu Yohana Mbatizaji, ili waimbaji wake wajifunze nyimbo upesi bila ya kukariri kila kitu kwa masikio. Karne nyingi baadaye, katika karne ya 19, mwalimu wa kike wa Norwich, Uingereza, jina lake Sarah Glover, akaunda njia ya kuandika muziki kwa herufi tu, na mchungaji John Curwen akaiboresha na kuieneza. Wamishonari wakaisafirisha hadi Afrika, kwa kuwa ilihitaji kalamu na karatasi tu. Hivyo mkulima asiyewahi kukigusa kinanda aliweza kuimba kwa sauti nne pamoja na wenzake.

Lakini herufi huandikwa kwa mkono, na mkono una mambo yake. Nyimbo zetu nyingi zimenakiliwa kutoka daftari hadi daftari, kwaya hadi kwaya, na kila anayenakili huongeza chake. Najua kwaya moja jirani ambayo kwa miaka mingi iliimba "fa" mahali ambapo mtunzi aliandika "la", kwa sababu tone la chai lilidondoka kwenye daftari la kwanza. Siku mtunzi mwenyewe alipowatembelea akaisikia sauti ile ya ajabu, aliwauliza wameitoa wapi. Wakamjibu kwa adabu kwamba ndivyo alivyoandika. Wakamwonyesha daftari. Mzee wa watu akatazama, akatikisa kichwa, na mwishowe akasema kwamba ile ya chai ni nzuri kuliko yake, waiache.

Walimu wa Kiswahili nao wana sehemu yao ya kicheko. Nyimbo nyingi katika vitabu vyetu vya zamani ni tafsiri kutoka Kiingereza na lugha nyingine za Ulaya. Tuni ilitangulia na maneno yakafuata, mfano wa mtu aliyevalishwa kanzu ya jirani. Kila mwanafunzi anajua kwamba shadda ya neno la Kiswahili, isipokuwa maneno machache, huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mashairi ya Kiingereza, kwa upande wake, hupenda kuumaliza mstari kwa silabi yenye mkazo. Yanapokutana mawili hayo, Kiswahili ndicho kinachopinda mgongo. Tunaimba "bwaná" badala ya "bwána" na "upendó" badala ya "upéndo", na tumezoea hivyo hata hatuoni ajabu. Yapo maneno ambayo shadda ikihama, maana nayo huhama. Barabára ni njia ya magari. Barábara ni sawasawa. Walakíni ni kasoro. Walákini ni lakini. Mtunzi akiwa mzembe hapo, kwaya itakuja kumwambia Mungu kwamba neno lake ni njia ya lami.

Hatari nyingine ni ya kugawa maneno baina ya sauti. Mwalimu mmoja wa kwaya, mtu mwenye kipawa kikubwa na haraka kubwa zaidi, alitunga wimbo uliosema kwamba Bwana si mchoyo wa neema. Maneno mema kabisa. Katika kuupamba, akawapa soprano jina "Bwana" waliimbe kwa madaha, akawapa tenori "si" waishikilie kwa upole, na sisi wa besi akatupa "mchoyo, mchoyo, mchoyo" tuipige kama ngoma. Ndani ya chumba cha mazoezi ilipendeza. Jumapili ilipofika, ile "si" ya tenori ikamezwa na feni za kanisa, na waumini wa viti vya nyuma wakasikia Bwana akishutumiwa mara tatu mbele ya madhabahu yake mwenyewe. Mzee mmoja wa kanisa alitukabili nje, akatuuliza kwa huzuni kama tuna malalamiko yoyote tungependa yapelekwe kwenye baraza.

Wala msomaji asidhani kwamba haya ni ya kwetu tu. Kila kwaya yenye tamaa, iwe ya London au ya Lugari, siku moja hujaribu kuimba "Haleluya" ya Handel. Handel aliitunga oratorio yake iitwayo Messiah mwaka 1741, kwa muda wa majuma matatu hivi, na ikaimbwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Watu walitarajiwa kuwa wengi hata ikatangazwa kwamba mabibi waje bila ya zile fremu za kutanua marinda, na mabwana waje bila ya panga zao, ili nafasi ipatikane. Pesa zilizopatikana zilikwenda kwa hospitali na kwa wafungwa wa madeni. Kwa hiyo, wanakwaya wanaoombwa kila mwezi kuimba kwenye harambee wasidhani kwamba wao ndio wa kwanza kuonewa.

Sasa, karibu na mwisho wa "Haleluya" hiyo, baada ya vishindo vingi, pana kimya. Sauti zote hukatika kwa pamoja, kanisa hunyamaza, kisha ndipo neno la mwisho huimbwa polepole, kwa utukufu. Kimya hicho ndicho mtihani. Katika kila kwaya duniani yupo mtu mmoja ambaye kwa bidii yake hawezi kukiona kimya akakiacha. Kwetu alikuwa mzee wa besi, fundi wa baiskeli, mwenye kifua kama pipa. Krismasi baada ya Krismasi tulimkanya. Mwalimu alimchorea duara jekundu kwenye karatasi. Mke wake, aliyeimba alto, aliahidi kumvuta joho. Na Krismasi baada ya Krismasi, kwaya ikinyamaza kwa pamoja, sauti moja ilisikika katikati ya ukimya ule, "Ha—", kisha ikajikata kama jogoo aliyegundua kwamba bado ni usiku. Watoto wa Shule ya Jumapili walikuwa wakiingoja sehemu hiyo kuliko zawadi zao.

Zamani mambo yalikuwa makavu zaidi. Katika makanisa mengi ngoma ilionekana kuwa chombo cha shetani, na kucheza ilikuwa dhambi ya wazi. Kwa Wakatoliki, Misa ilisemwa kwa Kilatini. Mtaguso wa Pili wa Vatikani ukaufungua mlango kwa hati yake ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, siku nane tu kabla ya Kenya kupata uhuru, nayo ikaruhusu lugha za watu na muziki wa asili zao kupewa nafasi katika ibada. Hata kabla ya hapo, mwaka 1958, Padri Guido Haazen na vijana wake wa Kamina, nchini Kongo, walikuwa wamekwisha kuiimba Misa ya Kilatini kwa mahadhi ya Kikongo, ndiyo Missa Luba. Kwaya ya Muungano ya hapa Kenya, chini ya Boniface Mganga, ilitoa rekodi yake ya Misa hiyo mwaka 1990.

Pamoja na ngoma, hatua za kucheza nazo zikaingia kanisani, na vichekesho vipya vikaingia kwa mlango huo huo. Kwaya huingia kwa maandamano: hatua mbili mbele, moja kando, mkono juu. Lipo kundi la wanaume ambao miguu yao ilijiunga na kwaya bila ya ridhaa yao. Wenzao wakienda kulia, wao wanakwenda kushoto, na kwa kuwa wamekwisha kwenda, wanaona ni heri wabaki huko mpaka wenzao wawafuate. Nimeona safu nzima ya besi ikigongana mbele ya askofu, ikaomba radhi kwa wimbo, ikaendelea.

Na niseme nini juu ya safari? Kwaya ikialikwa harusini huahidiwa basi, hutumiwa matatu moja, na huenda kwa lori la kubeba mahindi. Watu 30 husimama wakishikana mabega, majoho yamefungwa mafurushini, na wimbo huanza kabla gari halijatoka kituoni. Huko harusini wanakwaya huimba kuanzia asubuhi hadi jua la utosi, na chakula kikifika kwao kimebaki mchuzi. Husemekana kwamba chakula cha mwanakwaya ni shukrani. Lakini nimegundua kwamba nyimbo zinazokumbukwa vizuri zaidi ni zile zilizoimbwa kwa njaa ndani ya lori wakati wa kurudi, wala si zile za mbele ya bibi harusi.

Haya yote nimeyasimulia kwa furaha, lakini sikukusudia kuishia kwenye furaha. Kuna jambo lililonifundisha thamani ya kicheko hiki, nalo si la kuchekesha.

Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mji wetu uligawanyika kama miji mingine mingi ya Bonde la Ufa. Kwaya yetu ilikuwa na watu wa makabila sita. Kwa majuma matatu hatukufanya mazoezi. Juma la nne mwalimu aliita, tukaja 12 badala ya 30. Tuliketi mbali mbali, kila mtu akitazama karatasi yake, kwa kuwa kutazamana kulikuwa kugumu. Safu ya tenori ilikuwa tupu kabisa. Waliokuwa wakiiimba walikuwa wamehamia na familia zao kwenye mahema ya uwanja wa maonyesho, na kila mmoja wetu alijua ni kwa sababu gani.

Mwalimu akatoa noti. Soprano wakaanza, alto wakafuata, na ilipofika zamu ya tenori, pakawa na shimo. Ndipo yule fundi wa baiskeli, yule wa "Ha—", akainuka safuni mwetu, akavuka akasimama peke yake mahali pa tenori, akaiimba sehemu yao kwa sauti nyembamba ya kubana koo, mithili ya mbuzi aliyeibiwa. Ilikuwa sauti mbaya kuliko zote nilizowahi kusikia kanisani. Mtu mmoja akacheka, wa pili akacheka, kisha sote tukacheka hata karatasi zikatuanguka, na kabla ya kicheko kwisha wengine walikuwa wakilia. Mwalimu alipomuuliza kwa nini amefanya vile, mzee akajibu kwamba hakupenda watu wale wakirudi wakute nafasi yao imezoea kukaa tupu.

Jumapili iliyofuata tulikwenda uwanja wa maonyesho kuwatafuta. Si wote waliorudi. Wawili walirudi kabla ya Pasaka, na mmoja hajarudi mpaka leo. Lakini tangu siku hiyo sikubaliani na mtu anayesema kwamba kucheka katika kwaya ni utovu wa heshima. Watu waliokwisha kuchekeana makosa madogo kwa miaka mingi, wakasameheana noti, wakagongana na kuombana radhi kwa wimbo, wana kitu cha kushikilia yanapofika makosa makubwa. Hakizuii moto kuwaka. Lakini huwapa watu njia ya kurudi.

Ndiyo sababu nina wasiwasi juu ya yale ninayoyaona siku hizi. Makanisa mengi ya mijini yameiweka kwaya kando. Vijana watano wenye vipaza sauti, kinanda chenye midundo iliyokwisha kutayarishwa kiwandani na spika ndefu kama mlango huutosheleza umma. Sina ugomvi na vijana hao, wengi wao wanaimba vizuri. Lakini watano si 30, na fundi wa baiskeli hapewi kipaza sauti. Kwaya ni mojawapo ya mahali pachache ambapo mwenye sauti ya wastani hupewa nafasi, kwa kuwa sauti yake ikichanganyika na nyingine huwa nzuri kuliko ilivyo peke yake. Karani wa benki na yaya wake husimama safu moja, na huenda yaya ndiye anayejua noti.

Shuleni nako njia imekuwa nyembamba. Katika miaka ya 1980 na 1990, mtahiniwa wa KCPE alitahiniwa katika sanaa, ufundi na muziki. Mapema katika miaka ya 2000 somo hilo likaondolewa katika mtihani, na kila mwalimu anajua kwamba lisilotahiniwa halifundishwi. Vipindi vya muziki vikageuka vipindi vya hesabu. Mtaala wa umilisi umezirudisha sanaa kwenye ratiba, lakini ratiba pekee haimtoi mwalimu anayejua solfa. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, lingali linafanyika, lakini shule nyingi huandaa kikundi kidogo cha kushindana na kuwaacha mamia ya wanafunzi wengine wakiwa watazamaji. Tukumbuke kwamba hata wimbo wetu wa taifa, uliotayarishwa mwaka 1963 na kamati ya wanamuziki akiwemo Kasisi Thomas Kalume na Graham Hyslop, ulijengwa juu ya wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto. Taifa zima husimama wima, mikono ubavuni, mbele ya tuni ya kumlazia mtoto. Taifa lililoanza hivyo halifai kuona haya kuimba pamoja.

Kwa hivyo nawaomba walimu wajuao solfa wasiingoje wizara. Waandike do, re, mi ubaoni siku ya Ijumaa baada ya masomo, wawagawe wanafunzi kwa sauti nne, wawaache wakosee na wachekane bila ya kudharauliana. Mwanafunzi atajifunza kuhesabu kimya na kungoja zamu yake. Zaidi ya hayo atajifunza kwamba akiimba kwa nguvu hata asimsikie jirani yake, basi ameimba kupita kiasi. Somo hilo la mwisho lingewafaa wengi waliokwisha kumaliza shule, hasa wale tunaowachagua.

Nanyi wanafunzi, mkialikwa katika kwaya, ya shule au ya kanisa, msiseme kwamba hamna sauti. Sauti ya kwaya hutafutwa kwa kuimba, na mkifika tu mtakuta mtu mwenye mbaya kuliko zenu akiimba bila ya wasiwasi. Simameni karibu naye. Mazoezi yetu ni kila Jumatano saa kumi na moja jioni, na safu ya tenori, kama ilivyo desturi ya ulimwengu, bado ina nafasi.